Maswali ya Wasomaji: Mshipi wa Kusuka Katika Maji ya Chumvi

Barua zilizotufikia safari hii kuhusu uvuvi wa ndoana ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinahusu mshipi wa kusuka, yaani ule mshipi mwembamba uliosukwa kwa nyuzi kadhaa ndogo, ambao wavuvi wengi wameanza kuutumia baharini badala ya nailoni. Nimechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa pia waliouliza mambo yanayokaribiana nazo.

Swali: Ndugu Mshauri, nilinunua mshipi wa kusuka wa kijani kibichi, nikautumia baharini kwa muda wa miezi sita hivi. Sasa mita za mwanzo zimepauka hadi kukaribia weupe, na nikiupitisha mshipi katikati ya vidole nahisi umeota vinyweleo. Mwenzangu ninayevua naye anasema kwamba chumvi imekwisha kuula, kwamba mshipi wa aina hii ni wa mito na maziwa tu, na kwamba baharini tubaki na nailoni yetu. Je, asemayo ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, mwenzako ameona dalili za kweli, lakini amemshitaki asiyehusika. Mshipi wa kusuka wa siku hizi hutengenezwa kwa poliethilini yenye molekuli ndefu mno, na nyuzi zake mashuhuri zaidi ni Dyneema, iliyobuniwa Uholanzi na kuanza kutengenezwa kibiashara mwaka 1990, na Spectra ya Marekani. Poliethilini hiyo ni ya ukoo mmoja na plastiki ya ndoo na mifuko, na kila aliyewahi kuokota ndoo iliyotupwa na mawimbi anajua jinsi chumvi inavyoshindwa kuila. Isitoshe, poliethilini hainywi maji. Uzito wake ni mdogo kidogo kuliko wa maji, ndiyo maana mshipi huu huelea, na nguvu zake ukiwa umelowa ni zilezile za ukiwa mkavu.

Nailoni ndiyo inayokunywa maji. Ikikaa majini kwa saa chache hulegea na kupoteza sehemu ya nguvu zake, na hii ni sababu mojawapo ya shirikisho la kimataifa la uvuvi wa ndoana, IGFA, lililoundwa mwaka 1939, kupima mishipi ya rekodi ikiwa imelowa. Kwa hiyo, kama hoja ni mshipi upi unaoathiriwa zaidi na maji yenyewe, anayestahili kujitetea ni nailoni.

Kupauka kuna sababu nyingine kabisa. Poliethilini haishiki rangi. Rangi uliyoiona dukani imepakwa juu yake tu pamoja na utando wa kulainishia, na vyote viwili huondolewa kidogo kidogo na maji, jua na msuguano wa pete za ufito. Mshipi uliopauka unaweza kuwa na nguvu karibu sawa na za ulipokuwa mpya. Mimi hata huufurahia mpauko huo, kwa kuwa hunionyesha ni mita ngapi za mshipi ninazozitumia kweli na ni ngapi zilizolala tu ndani ya rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi.

Vinyweleo, kwa upande mwingine, usivipuuze. Kila kinyweleo ni uzi mdogo uliokwisha kukatika, na vikizidi katika sehemu moja, sehemu hiyo ndiyo itakayokusaliti siku ya samaki mkubwa. Husababishwa na kusuguana na mwamba, matumbawe, magamba ya chaza, mchanga au pete yenye ufa. Chumvi ina mkono wake hapa, ingawa si kwa njia anayoidhani mwenzako: maji yaliyonaswa kati ya nyuzi yanapokauka huacha punje ndogo za chumvi, na mshipi ukikunjwa na kunyooshwa ukiwa na punje hizo, nyuzi hujisugua zenyewe kwa zenyewe kana kwamba zimepigwa msasa.

Jaribio ni rahisi. Kata kipande cha mita moja kutoka mwanzoni na kingine kutoka ndani kabisa, vifunge kwa fundo la aina moja kwenye mizani ya ndoana, kisha uvute kila kimoja hadi kikatike. Tofauti ikiwa ndogo, kata mita chache zenye vinyweleo na uendelee na kazi. Ikiwa kubwa, usiutupe mshipi wote. Ugeuze, ule mwisho uliokuwa umelala chini kabisa kwenye spuli, ile sehemu ya rili inayobeba mshipi, uwe mbele. Katika mshipi wa mita 300, mvuvi wa kawaida hurusha mita 60 au 80 tu, hivyo zaidi ya nusu yake bado ni mpya hata kama umeutumia mwaka mzima.

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana ninayejifunza kuvua kwa ufito, na mwaka huu nimeiacha nailoni. Tatizo langu ni mafundo. Juzi kolekole mkubwa alikimbia mara moja tu na mshipi ukawa mwepesi ghafla. Nilipouvuta, ncha haikuwa imechanika. Ilikuwa imejipindapinda kama mkia wa kinyonga. Tena naomba kuuliza kama ni lazima kuweka uzi mwingine kati ya mshipi wa kusuka na ndoana, maana naona kama ni kuongeza fundo jingine la kufunguka.

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Mkia huo wa kinyonga ndio ushahidi wote tunaouhitaji. Mshipi uliokatika huacha ncha iliyotawanyika kama brashi, na mshipi ulioponyoka fundoni huacha ncha iliyojipinda kwa sababu umeburutwa ukizunguka mikunjo yake yenyewe. Kolekole wako hakukata kitu, bali alifungua.

Poliethilini huteleza kuliko karibu kila kitu tunachofungia ndoana, na fundo la mizunguko 5 lililotosha kwa nailoni halina cha kushika hapa. Kuna njia mbili za kulitibu hilo. Ya kwanza ni kuongeza mizunguko hadi 8 au zaidi. Ya pili, ambayo naipendelea unapofunga moja kwa moja kwenye kitu cha chuma, ni kutumia fundo linalopitisha mshipi ukiwa umekunjwa mara mbili, kama vile fundo la Palomar. Kwa vyovyote vile, lilowanishe fundo kwa maji au mate kabla ya kulikaza, kisha ulikaze polepole. Hili si jambo la mazoea tu, kwa kuwa poliethilini hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 145 hivi za Selsiasi, ilhali nailoni huvumilia zaidi ya 200, na fundo kavu lililokazwa kwa pupa hupata joto la kutosha kuunguza nyuzi za ndani bila ya wewe kuona chochote.

Kuhusu uzi wa mbele, baharini nauhesabu kuwa ni wa lazima, ingawa sababu inayotajwa mara nyingi si ile iliyo kubwa. Wavuvi husema kwamba florokaboni, ile plastiki inayotumiwa sana kwa uzi wa mbele, haionekani majini. Ni kweli kwamba huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha maji, 1.42 ikilinganishwa na 1.33, wakati nailoni iko juu ya 1.5, lakini sijawahi kushawishika kwamba samaki mwenye njaa katika maji yenye povu hupiga hesabu hiyo. Sababu iliyo kubwa ni mwamba. Mshipi wa kusuka ulionyooka kwa nguvu ukigusa tumbawe au gamba la chaza hukatika papo hapo, kwa sababu kila uzi ndani yake ni mwembamba kuliko unywele na hukatika mmoja baada ya mwingine. Florokaboni au nailoni nene hukwaruzwa, ikapata kovu, na bado ikamleta samaki.

Urefu wa mita 1 hadi 2 unatosha penye mchanga. Karibu na miamba fikiria mita 3 au zaidi. Na ukirusha risasi nzito, yaani timazi ya kuzamishia chambo, kutoka ufukweni, uzi huo uwe mrefu kiasi cha kuzunguka spuli mara kadhaa kabla ya kurusha, na nguvu zake ziwe takriban kilo 5 kwa kila gramu 30 za risasi, hata kwa risasi ya gramu 120 ufikie kilo 20. Mshipi wa kusuka ukikatika katikati ya mrusho, risasi huondoka kama jiwe la kombeo, na anayesimama jirani nawe hana pa kukimbilia. Kwa mzia na nguru, ambao meno yao hukata florokaboni kama mkasi ukatavyo karatasi, ongeza kipande kifupi cha waya mbele ya yote.

Fundo la kuunganishia viwili hivyo ndilo unaloliogopa, na nakuelewa. Lililo bora kwa maoni yangu ni fundo la FG, ambamo uzi wa mbele haukunjwi hata kidogo: mshipi wa kusuka huzungushwa juu yake kwa kupishana, mara kutoka kulia, mara kutoka kushoto, mizunguko 20 hivi, kisha hufungwa kwa vifundo vidogo. Kadiri unavyolivuta ndivyo linavyojibana, na kwa kuwa ni jembamba hupita kwenye pete bila kugonga. Ubaya wake ni kwamba linataka mikono mitulivu na mshipi uliokazwa wakati wote. Lifanyie mazoezi nyumbani jioni kumi kabla ya kulijaribu chomboni. Hadi hapo, tumia fundo la uni pacha, lenye mizunguko 8 upande wa kusuka na 4 upande wa florokaboni. Ni nene kidogo, lakini hufungika hata chombo kikiyumba.

Jambo la mwisho, na huenda nalo lilichangia kumpoteza kolekole wako, ni breki ya rili. Nailoni hunyumbuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika, na mnyumbuko huo hukusamehe makosa mengi. Mshipi wa kusuka hunyumbuka kwa asilimia 3 au 4 tu, kwa hiyo kila mtikiso wa kichwa cha samaki hufika fundoni ukiwa mzima. Pima breki kwa mizani, na iache mshipi utoke unapofikia robo, au isizidi theluthi, ya nguvu za sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Kukadiria kwa mkono hakutoshi, kwani karibu sote hukaza kupita kiasi.

Swali: Mshauri, kuna mshipi wa nyuzi 4 na wa nyuzi 8, na wa 8 bei yake iko juu. Je, ndio wenye nguvu zaidi? Na namba za PE zinazoandikwa kwenye boksi ni za nini?

Jibu: Nguvu za mishipi miwili yenye unene mmoja hutofautiana kidogo tu, kinachobadilika ni umbo. Wenye nyuzi 8 ni wa mviringo zaidi, hupita kwenye pete bila kelele na huruka mbali. Wenye nyuzi 4 una mikwaruzo unapoupapasa na huvuma ukipita peteni, lakini kila uzi wake ni mnene zaidi, hivyo huvumilia msuguano vizuri zaidi. Kwa mchanga na maji ya kina chukua 8. Kwa miamba nachukua 4 bila kusita, na bei ndogo ni nyongeza tu.

Namba ya PE ni kipimo cha Kijapani cha unene, wala si cha nguvu. PE 1 ni takriban milimita 0.165, PE 2 ni 0.235. Nguvu huandikwa kando kwa pauni au kilo, na watengenezaji hawalingani katika kuzipima, kwa hiyo unapolinganisha mishipi miwili anza na unene.

Wingi wa nguvu katika wembamba ndio unaowavuta watu: mshipi wa kusuka wa pauni 30, yaani kilo 13.6, unakaribia wembamba wa nailoni ya pauni 8. Mkondo hauna pa kuushika, nawe unaweza kushusha chambo mahali palepale kwa risasi ndogo zaidi. Hata hivyo, usivutwe hadi kununua ulio mwembamba kupita wote. Mshipi mwembamba sana hujizamisha kati ya mikunjo ya spuli samaki akivuta, na ukiwa mwepesi hivyo upepo wa ubavuni huupinda kama upinde, usijue samaki ameuma lini.

Swali: Ndugu Mshauri, nikimvuta samaki mzito mkono wa rili unazunguka lakini mshipi haurudi, mshipi wote unateleza kwenye spuli kama mkanda uliolegea. Nilipoutoa wote ili nitazame, nikakuta unga mweupe chini kabisa na vishimo vidogo kwenye chuma. Rili yenyewe naisuuza kila nirudipo. Nimekosea wapi?

Jibu: Kuteleza kwanza, maana dawa yake ni fupi. Mshipi wa kusuka hauwezi kuushika uso laini wa spuli. Anza na mita chache za nailoni, au zungusha utepe wa kubandika mara moja, kisha ufunge mshipi juu yake. Unapoujaza, upitishe ndani ya kitambaa chenye unyevu na mtu aubane kwa nguvu kiasi, uingie ukiwa umekazwa, nawe usimame milimita 2 hivi kabla ya ukingo wa spuli. Ukijaza hadi ukingoni, mikunjo itatoka kwa mafungu na kukuletea mafundo ya upepo, yaani mshipi kujifunga wenyewe unaporusha.

Unga mweupe ndiyo habari kubwa katika barua yako, kwa sababu hapo ndipo chumvi inapofanya kazi yake ya kweli. Nimesema kwamba nyuzi za mshipi huu hazinywi maji, na ni kweli, lakini kati ya nyuzi kuna nafasi, na nafasi hizo hubeba maji ya bahari kama utambi unavyobeba mafuta. Kila unapokunja mshipi, unaikunjia bahari ndani ya spuli. Maji hushuka hadi chini, yakakaa hapo siku nyingi bila hewa, yakiila alumini polepole. Mimi mwenyewe nilipoteza spuli nzuri kwa namna hiyohiyo: niliamini kwamba mshipi usiokunywa maji hauhitaji kuoshwa, nikaisuuza rili kwa nje msimu mzima, na nilipoufungua mshipi nikakuta vishimo vya kuingiza ncha ya kalamu.

Kwa hiyo osha kuanzia mshipi. Itoe spuli, na kama vidude vya breki hutoka kwa urahisi vitoe pia, kisha iloweke spuli pamoja na mshipi wake katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa, ubadilishe maji mara moja. Mara kwa mara, tuseme kila baada ya safari nne au tano, toa mita zile unazozitumia, uzilaze ndani ya ndoo, uzisuuze na kuzirudisha kupitia kitambaa. Kausha kivulini penye upepo. Jua kali huichosha poliethilini kadiri miaka inavyopita, hata kama kwa siku moja huoni tofauti. Mwili wa rili usuuzwe kwa maji yanayotiririka taratibu, breki ikiwa imekazwa ili maji yasiingie kwenye sahani zake, na baadaye ilegezwe kabla ya kuhifadhi. Usielekeze mpira wenye kasi kwenye rili. Maji ya kasi hayaondoi chumvi, huisukuma ndani ya beringi.

Ukimaliza hapo chukua pamba, uipitishe ndani ya kila pete ya ufito. Pamba ikinasa nyuzi zake, pete hiyo ina ufa au mfereji, na mshipi wako utaota vinyweleo hata ukiuosha kila siku.

Swali: Mshauri, nimekatwa kiganja nilipokuwa nikijaribu kuunasua mshipi wa kusuka uliokwama mwambani, na jeraha lilikuwa refu mno. Baba yangu, ambaye amevua kwa mshipi wa mkono maisha yake yote, ananicheka na kusema kwamba sijui kushika mshipi. Je, mshipi huu unaweza kutumika kwa mkono kama nailoni?

Jibu: Pole sana kwa jeraha. Mwambie baba, kwa heshima zote, kwamba ujuzi wake ni wa mshipi mnene unaonyumbuka, na kwamba huu si huo. Mshipi wa milimita 0.3 unaobeba kilo 20 ni waya wa kukatia jibini. Usiuzungushe mkononi kamwe, hata kwa mzunguko mmoja, hata ukiwa umevaa glavu, kwa maana glavu za kitambaa hukatwa pamoja na ngozi.

Unapokwama, legeza kwanza na usubiri. Mara nyingi mkondo hubadilisha pembe na ndoana hutoka yenyewe. Ikishindikana, zungusha mshipi mara tano au sita kwenye kipande cha mti kilaini kinene kama mpini wa jembe, elekeza ufito moja kwa moja kwenye mwamba ili usije ukavunjika, geuza uso pembeni, kisha uvute kwa kurudi nyuma ukikishika kijiti kwa mikono miwili. Ukiwa chomboni, funga kwenye kishikio cha kamba na uache chombo kivute. Kwa kawaida kitakachokatika ni uzi wa mbele, ukiwa umeuchagua dhaifu kidogo kuliko mshipi, na hiyo ni faida nyingine ya kuwa nao. Kipande chochote kinachobaki mkononi mwako rudi nacho nchi kavu ukikatekate kwa mkasi vipande vifupi kabla ya kukitupa, kwa kuwa kile kile kinachoufanya mshipi huu usiliwe na chumvi kinaufanya pia usioze, na kasa au ndege akijifunga ndani yake hana wa kumfungua.

Ama kuhusu mshipi wa mkono, inawezekana, na penye maji ya kina una raha yake, kwa sababu utahisi changu akigusa chambo mita 60 chini yako. Ila usiushike wenyewe. Weka mshipi wa kusuka chini, na mita 20 za mwisho, zile zitakazopita mikononi mwako samaki anapopambana karibu na chombo, ziwe nailoni nene ya milimita 1 au zaidi. Baba akiishika nailoni hiyo atajiona yuko kwenye mshipi wake wa siku zote, na huenda asigundue kilichoko chini hadi utakapomwambia.